Kwa nini behewa la kumbukumbu la klabu linauzwa chini ya behewa la kawaida la Lionel?

#1 Reli Tatu
Wakuu, habari za jioni. Naleta swali la treni za kuchezea, hasa Lionel ya Marekani ya geji ya O (geji ni upana kati ya reli), ile ya reli tatu.

Klabu za wakusanyaji za Marekani kama TCA, LCCA, TTOS na LOTS zina desturi ya kuagiza behewa maalumu kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka. Linapakwa rangi yake, linaandikwa mji na mwaka, na mwanachama ndiye anayeliagiza. Dukani halifiki. Kwa akili ya kawaida, kitu kilichotengenezwa kidogo kwa watu maalumu kinatakiwa kupanda bei. Ukiingia minadani unakuta kinyume: behewa la mkutano la miaka ya 1970 au 1980, jipya, lipo kwenye boksi lake, halijawahi kugusa reli, linaondoka kwa bei ya chini kuliko behewa la mizigo la mfululizo wa 6464 la miaka ya 1950 ambalo boksi halina na mlango umekwaruzika.

Sababu hasa ni ipi? Na je, yapo ya klabu ambayo hayakufuata mkondo huo?

#2 Mzee wa Geji
Sababu ni moja: hakuna lililopotea.

6464 zilianza kutoka 1953 kama kitu cha mtoto. Zilichezewa sakafuni, zilikanyagwa, milango iling'oka, maboksi yalichanwa siku ile ile ya Krismasi. Kilichosalia kikiwa kizima ni sehemu ndogo ya kilichotoka kiwandani. Behewa la mkutano lilinunuliwa na mtu mzima aliyejua analinunua ili alihifadhi. Yaliyotengenezwa karibu yote yapo hadi leo, na maboksi yake. Halafu idadi yake ilifuata idadi ya walioagiza, maana yake kila aliyelitaka analo. Mnunuzi wa pili atoke wapi?

#3 Kulabu
Mzee wa Geji #2, hoja yako ni nzuri lakini haitoshi. Behewa la TCA la mkutano wa Chicago, 6464-1970, na la mwaka uliofuata, 6464-1971 la Disneyland, nayo yalinunuliwa na watu wazima wakayafungia kabatini. Mbona la Disneyland bado linagombewa? Kama tatizo ni kwamba hakuna lililopotea, hilo nalo lingeanguka pamoja na mengine.

Mimi naona lile lina wanunuzi wa aina mbili: wa treni, na wa vitu vya Disney ambao treni hawana habari nayo. Behewa la klabu likiwa na mnunuzi mmoja tu linakwama. Likipata wa pili kutoka nje ya klabu, linapumua.

#4 Stesheni Ndogo
Kwani hizi klabu zote si zilizaliwa miaka ya 1970 Lionel ilipobadilisha mwenye nayo? Labda ndiyo maana vitu vyake vinaonekana vya juzi juzi.

#5 Mzee wa Geji
Hapana ndugu. TCA ni ya 1954, ilianzia Yardley, Pennsylvania. Leo makao yake yapo Strasburg, jimbo hilo hilo, pamoja na jumba lake la makumbusho ya treni za kuchezea. TTOS ni 1966, LCCA 1970, LOTS 1979.

Kilichotokea kipindi unachosema ni kwamba General Mills ilichukua leseni ya jina la Lionel mwishoni mwa 1969, na treni za kwanza chini yake zikatoka 1970. Wakusanyaji wanakiita kipindi hicho MPC. Kiwanda kilikuwa na njaa ya oda, kwa hiyo klabu ikija na oda ya rangi maalumu ilipokelewa vizuri. Mabehewa mengi ya mkutano tunayoyazungumzia yalitoka mlango huo.

#6 Dada Semafo
Niongeze sababu ambayo naona inarukwa: maandishi yenyewe. Mkusanyaji wa 6464 anatafuta behewa lenye nembo ya shirika la reli lililokuwepo kweli, kwa mfano Western Pacific, Great Northern au Santa Fe. Linaingia kwenye treni yoyote na linaonekana mahali pake. Behewa lililoandikwa "mkutano wa mji fulani, mwaka fulani" utaliunganisha na nini? Kwenye treni ya mizigo linaonekana kama bango la tangazo. Matokeo yake linakaa kwenye rafu, na rafu ikijaa mtu anaacha kununua.

Ndiyo maana klabu zilipoanza kutoa mabehewa yenye nembo za reli halisi, na jina la klabu likaandikwa dogo pembeni, watu walianza kuyaendesha.

#7 Chapa ya Moto
Wote mnazungumza kana kwamba kila behewa la klabu lilitoka kiwandani likiwa hivyo. Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko zote.

Kuna makundi mawili. La kwanza ni mabehewa ambayo kiwanda chenyewe kilipaka na kuchapa kwa oda ya klabu. La pili ni behewa la kawaida la dukani, kwa mfano la mfululizo wa 9700, ambalo tawi la klabu lilinunua, kisha likampa mchapaji wa mtaani aongeze maandishi juu yake. Hili la pili ni rahisi mno kughushi. Ukiwa na behewa la kawaida, fremu ya skrini na wino, jioni moja unatoa "kumbukumbu" kumi. Mnunuzi akishaumwa mara moja anaogopa yote, hata yale halali. Hofu hiyo ndiyo inayoshusha bei.

Namna ya kutenganisha, nikiwa na lenzi inayokuza mara 10 na taa ndogo:

Kwanza, laza taa iwake kutoka pembeni, karibu sambamba na ubavu wa behewa. Chapa ya moto huzamisha herufi ndani ya plastiki. Utaona kila herufi ina kishimo chenye kingo kali. Wino wa skrini unakaa juu ya rangi. Ukingo wake una vijimeno vidogo vya wavu. Muhuri wa mpira huacha wino mzito pembezoni na mwepesi katikati ya mstari. Kiwanda kilitumia njia zaidi ya moja, kwa hiyo aina ya chapa peke yake haihukumu. Kinachohukumu ni kama maandishi ya nyongeza yanafanana kwa njia na kwa rangi na maandishi mengine ya ubavu huo huo.

Pili, tazama pale maandishi yanapopita juu ya misumari na mistari ya bodi. Mashine ya kiwanda ilitengenezewa bodi ile, herufi hupangwa kukwepa vikwazo au hufuata umbo lake. Mchapaji wa mtaani wino wake unakatika penye mwinuko.

Tatu, fungua mlango ukaangalie ndani. Behewa lililopakwa upya huwa na ukungu wa rangi kwenye kingo za ndani za mlango na kwenye matundu ya skrubu. Rangi ya plastiki ndani ikuambie bodi ilizaliwa rangi gani.

Nne, skrubu za fremu. Vichwa vikiwa vimekwaruzwa na bisibisi, mtu ameshafungua.

#8 Kulabu
Shukrani #7. Naongeza moja: taa ya urujuanimno. Karatasi na rangi mpya zinang'aa bluu, za zamani hazing'ai. Mulika boksi, ukiona lebo inang'aa ujue imechapwa juzi.

#9 Dada Semafo
Kulabu, hapo rekebisha. Dawa za kung'arisha karatasi zilishaanza kutumika viwandani miaka ya 1950. Boksi la 1976 linaweza kung'aa vizuri kabisa na likawa halali. Taa hiyo inakusaidia kwa vitu vya kabla ya Vita vya Pili, au pale unapolinganisha sehemu mbili za kitu kimoja: mlango unang'aa, ubavu haung'ai, basi kimoja kimebadilishwa au kimeguswa. Kwa boksi la behewa la mkutano itakupa hukumu ya uongo.

#10 Kulabu
Nimekubali, dada. Taa naibakiza kwa ajili ya kulinganisha mlango na ubavu.

#11 Chapa ya Moto
Ughushi wa aina nyingine ni wa kupunguza. Watu hupenda kosa la kiwanda, kwa mfano ubavu mmoja uliokosa maandishi, na hulipa zaidi. Basi mtu anafuta. Kama herufi zilikuwa za chapa ya moto, kishimo kinabaki. Taa ya pembeni itakuonyesha kivuli cha neno lililofutwa. Kama zilikuwa za wino, tafuta sehemu inayong'aa au iliyofifia kuliko jirani zake, kwa sababu kusugua hubadilisha mng'ao wa plastiki.

Rangi "adimu" nazo ziogopeni. Plastiki hubadilika rangi kwa kemikali, kwa joto na kwa jua. Sogeza mlango uangalie sehemu uliyokuwa umeifunika. Ikiwa na rangi ya kawaida na nje pana rangi "adimu", hilo ni behewa lililokaa dirishani, au lililotiwa dawa.

#12 Stesheni Ndogo
Muuzaji kaandika behewa la mkutano ni C-8, yaani jipya kabisa. Boksi kaandika P-6. Hizi namba zinasomwaje?

#13 Mzee wa Geji
C-8 si jipya kabisa. Ni vipimo vya TCA, na watu wengi wanavitumia vibaya.

C ni kitu chenyewe, P ni boksi, vyote kutoka 1 hadi 10. C-10 ni kipya kabisa, hakijatumika, kila kitu ni cha asili. C-9 ni kama kilivyotoka kiwandani, kikiwa na alama ndogo za kushikwa au kusafirishwa. C-8 kinafanana na kipya, hakina mikwaruzo. C-7 kina mikwaruzo midogo sana, hakina kutu, hakuna kilichopungua. C-6 kinaruhusiwa vidoa vya kutu ya juu juu. C-5 kimechezewa na kinaonyesha. Chini ya hapo unanunua kazi ya kutengeneza, na C-1 ni cha kuvunja vipuri.

Kwa behewa la mkutano, C-8 ni onyo. Kitu ambacho wenzake karibu wote ni C-9 au C-10, C-8 kinashuka bei vibaya. Kwa 6464 ya 1954, C-8 ni sherehe. Namba ni moja, maana yake sokoni ni mbili.

Na P-6 kwa behewa la klabu ni tatizo zaidi, maana kwenye vitu hivi boksi ni nusu ya kitu. Uliza kama vipande vya ndani vya kadibodi au povu vipo.

#14 Fundi Koili
Kuhusu hizo C za kutu. Sisi wa Mombasa, Tanga na Dar unyevu wa hewa unapita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na chumvi ipo hewani. Behewa linaingia C-9, baada ya misimu miwili ekseli zina kutu na linakuwa C-6. Fanyeni hivi:

Toa behewa kwenye mfuko wa plastiki wa kubana. Mfuko uliofungwa chumbani penye joto hutoa jasho ndani usiku ukipoa. Funga kwa karatasi laini isiyo na asidi, rudisha kwenye boksi lake, kisha panga maboksi kwenye kontena la plastiki ngumu lenye mfuniko na mpira. Ndani weka silika jeli gramu 200 hivi kwa kontena la lita 40, aina inayobadilika rangi. Ikishabadilika ikaushe kwenye oveni ya moto mdogo, isizidi nyuzi 120, saa mbili au tatu. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ukikausha mno, gundi ya boksi na karatasi vinapasuka.

Ekseli na magurudumu ya chuma: futa kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani, kisha futa tena kwa kikavu. Usinyunyizie. Mafuta yakigusa boksi doa halitoki.

Usifunge kwa plastiki ya malengelenge moja kwa moja juu ya rangi. Inaacha duara duara zisizofutika. Vinyili laini nayo iwe mbali: dawa inayoilainisha hutoka ikala plastiki ya bodi, ukija kufungua unakuta imeshikana. Vivyo hivyo mipira ya kufungia noti.

#15 Dada Semafo
Fundi Koili, ongeza kusafisha, maana watu wanaharibu hapo. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ya rangi, bodi ikiwa imetolewa kwenye fremu. Maandishi ya muhuri wa mpira na ya rangi ya fedha usiyapitishie hata kidole, yanatoka. Asetoni haikaribii kabisa, inayeyusha polistirini. Spiriti nayo jaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

#16 Reli Tatu
Asanteni, uzi umenoga. Nirudi kwenye swali. Mzee wa Geji #2 anasema yote yapo hadi leo. Kulabu #3 anasema mnunuzi ni mmoja. Dada Semafo #6 anasema maandishi. Chapa ya Moto #7 anasema ughushi. Sasa mbona Märklin wa Ujerumani wana klabu yao ya Insider tangu 1993, wanatoa modeli ya mwaka kwa wanachama pekee, na watu wanapanga foleni kuiagiza? Nayo yote ipo, mnunuzi ni mmoja, boksi halifunguliwi.

#17 Göppingen Mashariki
Nijibu la Märklin. Tofauti ipo kwenye kitu kinachotolewa. Insider hupewa kichwa kizima cha treni: muundo wa kweli wa shirika la kweli, kina dekoda na sauti, na kina cheti. Unaagiza kabla ya tarehe fulani, vinatengenezwa mara moja. Mtu anakinunua ili akiendeshe.

Kile kinacholingana na behewa la mkutano ni behewa la mwaka ambalo mwanachama hulipata ndani ya ada, la H0 au la Z (vipimo viwili vidogo vya treni za modeli) kwa chaguo lake. Nendeni mkaangalie bei ya behewa hilo mkononi mwa pili. Ni hadithi ile ile ya Lionel. Kwa hiyo Märklin haikanushi hoja ya Mzee wa Geji. Inaiunga mkono kwa upande mmoja na kuiacha kwa upande wa pili.

#18 Kulabu
Haikanushi, haithibitishi. Hapo umetuacha kituo cha kati.

#19 Mzee wa Geji
Kuna sababu ambayo sikuitaja mwanzo nikidhani inajulikana. Aliyeanzisha soko la 6464 ni mtoto wa miaka ya 1950. Aliliona dirishani au kwenye katalogi, hakununuliwa, akakua, akapata kazi, akalinunua. Bei ile ni ya hamu ya utotoni. Behewa la mkutano wa klabu hakuna mtoto aliyewahi kulililia. Halina utoto wa mtu yeyote.

Sasa watoto wale wana miaka 75 na zaidi. Mikusanyo inauzwa kwa mkupuo na warithi, na mikusanyo hiyo ndiyo iliyojaa mabehewa ya mikutano ya miaka 20 mfululizo. Nendeni York, Pennsylvania, kwenye soko ambalo tawi la mashariki la TCA huliandaa Aprili na Oktoba. Mabehewa ya klabu yamepangwa chini ya meza kwenye makatoni, 6464 nzuri zipo juu ya meza.

#20 Chapa ya Moto
Hoja hiyo ikiwa kweli, basi na 6464 zinatakiwa kushuka, kwa sababu mtoto wa 1954 ndiye huyo huyo anayeondoka. Na za kawaida zimeshuka. Zilizobaki juu ni zile adimu kwa rangi. Tunarudi palepale: idadi.

#21 Göppingen Mashariki
Au ukubwa. Behewa la jadi la Lionel lilifupishwa ili lipinde kwenye kona ya duara lenye kipenyo cha inchi 27 au 31. Wanunuzi wa leo wengi wanataka kipimo kamili cha 1:48, fremu za magurudumu za chuma cha kumimina, maelezo madogo madogo. Mabehewa ya mkutano ya kipindi cha MPC ni mafupi, mepesi, na fremu za magurudumu ni za plastiki. Yanatembea vizuri kwa sababu ekseli zina ncha za sindano, lakini kwenye treni ndefu wepesi ule unayatoa relini yakiwa katikati.

Ukitaka kuliendesha bila kuliharibu: pendekezo la NMRA, chama cha modeli za reli cha Marekani, kwa geji ya O ni aunsi 5 pamoja na aunsi 1 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 10 linataka aunsi 15, kama gramu 425. Lipime, kisha weka pungufu ndani kwa vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye sponji, katikati, juu ya sakafu. Usigundishe wala usitoboe. Siku ya kuuza unayatoa, na behewa linabaki la asili.

#22 Stesheni Ndogo
Sasa hayo ya kuendesha kwetu umeme ni 240. Nikichukua ile transfoma ya zamani ya Lionel iitwayo ZW na stepudauni ya 240 kwenda 120, si imetosha?

#23 Fundi Koili
Itawaka, lakini itachemka. Watu wanaangalia volti wanasahau hetsi. ZW ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti kama 120 na hetsi 60. Hapa ni hetsi 50. Kiini cha chuma hubeba sumaku kwa uwiano wa volti kugawanya hetsi: 120 kwa 60 ni 2, 120 kwa 50 ni 2.4, yaani asilimia 20 zaidi. Kiini kinashiba, kinanguruma, koili inapata moto hata treni ikiwa imesimama.

Dawa ni kuilisha volti 100, maana 100 kwa 50 ni 2. Tafuta stepudauni ya kwenda 100, zile za vyombo vya Kijapani. Upande wa pili volti nazo zitashuka: palipokuwa 18 utapata 15. Kwa vichwa vingi inatosha.

ZW ya wati 275, hizo wati ni za kuingia, za kutoka ni pungufu. Chukua stepudauni ya wati 500. Kabla ya kuchomeka kagua waya wa umeme: mpira wa zamani hukauka na kuvunjika pale unapoingia kwenye kasha. Ukipinda ukaona ufa, badilisha wote, usifunge utepe.

#24 Stesheni Ndogo
Asante sana fundi. Hilo la hetsi lingeniunguzia kitu.

#25 Dada Semafo
Tukiwa bado kwenye mabehewa yasiyofuata mkondo, LCCA walitoa moja la 1979 lenye namba 9733, Airco. Nje ni behewa la kufunika la mizigo, ndani mmewekwa bodi ya tangi. Ukinunua, pima uzito au fungua mlango kwanza, maana wako waliotoa tangi wakaliuza peke yake. Muuzaji asiyejua hataandika "halina tangi", ataandika "zima".

#26 Kulabu
Na TCA mwaka huo huo walitimiza miaka 25 wakatoa 9319, lile la kubebea fedha lenye madirisha. Nimeambiwa fedha iliyomo ni ya kweli, kwa hiyo hilo lina sakafu ya bei.

#27 Chapa ya Moto
Kulabu, nani kakuuzia hiyo? Vile vipande vya ndani ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ni umbo lile lile la mabehewa ya fedha ambayo Lionel iliuza dukani, yana hadi kitundu cha sarafu juu. Cha kukagua pale ni plastiki ya madirisha: kama ina ufa kwenye kona au ukungu wa mikwaruzo, C-9 imekwenda.

#28 Kulabu
Basi sakafu ya bei imeondoka na tangi la Airco. Ahsante kwa kunirekebisha.

#29 Stesheni Ndogo
Swali la pembeni. Klabu zikiweza kuchapa behewa la Seattle na Boston, tukitaka la Afrika Mashariki tungelipata kwenye geji gani? Nawaza lile garimoshi la daraja la 59 pale makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai.

#30 Göppingen Mashariki
Safi. Yale yalikuwa 34, yalitengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. La Nairobi ni namba 5918.

Reli yake ni mita moja. Kwa kipimo cha H0, yaani 1:87, gawanya 1000 kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo reli ya milimita 12 ya H0m inafaa. TAZARA ni milimita 1067, ukigawanya kwa 87 ni 12.3, nayo inakaa kwenye 12 hiyo hiyo. SGR ni 1435, inaangukia kwenye 16.5 ya H0 ya kawaida. Kwa kipimo cha Lionel cha 1:48, reli ya mita inatoka milimita 20.8, wakati reli za Lionel zina milimita 31.75. Ukilazimisha bodi ya 1:48 juu ya reli hiyo, itaonekana kama treni imepanda reli ya mita moja na nusu. Kwa behewa la kumbukumbu la rafuni hilo halisumbui. Kwa anayetaka uhalisia, 1:87 na milimita 12.

#31 Fundi Koili
Mkilitengeneza hilo, tafadhali boksi lisiwe la kadibodi nyembamba. Pwani halitoboi mwaka.

#32 Reli Tatu
Nimefuatilia yote. Niweke jaribio moja mezani kwa #2, #6 na #19. Chukueni mabehewa mawili ya klabu moja, ya miaka iliyokaribiana: moja lina nembo ya reli halisi, la pili lina jina la mji tu. Yote C-9, boksi P-8 au zaidi. Kama Dada Semafo yuko sahihi, la kwanza litauzwa juu. Kama Mzee wa Geji yuko sahihi, yatakuwa sawa.

#33 Mzee wa Geji
Jaribio zuri, ila hakikisha yote mawili yalitoka kiwandani hivyo. Ukichanganya moja la kiwanda na moja lililochapwa na tawi, utakuwa umepima hoja ya #7 bila kujua.

#34 Dada Semafo
Na usichukue bei iliyoandikwa na muuzaji. Chukua iliyolipwa, ukitoa gharama ya kusafirisha. Behewa likiwa na bei ndogo, posta inakula nusu, na mnunuzi wa ng'ambo ya bahari anapunguza dau lake kwa kiasi hicho.

#35 Chapa ya Moto
Hiyo ya posta ni sababu nyingine, na hatujaijadili kabisa. Mwenye hesabu ya kutuma kontena moja la mabehewa 24 badala ya moja moja aiweke hapa, pamoja na vipimo vya katoni.